Moshi Uliokataa Kupigwa Picha

Saa ya ukutani ilisema saa tatu asubuhi, dirisha likasema magharibi. Nikaliamini dirisha, nikajifunika tena. Aliyeniamsha ni mama, kwa simu ya video kutoka Tanga, ambako kweli jua lilikuwa limezama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huko kumekucha?"

Swali gumu. Ilikuwa Jumatano, tarehe 9 Septemba 2020, Oakland, California. Radi za katikati ya Agosti zilikuwa zimewasha misitu kila upande, na mmoja wa mioto hiyo ulikuja kumaliza zaidi ya ekari milioni moja. Moshi tulishauzoea, barakoa ya korona ilikuwa inafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Lakini siku hiyo moshi ulipita juu ya ukungu wa bahari, ukazuia mwanga wa buluu na kutuachia wa chungwa peke yake. Huku chini hata harufu haikuwa kali. Anga tu, rangi ya papai lililoiva, na taa za barabarani zinawaka mchana.

"Mama, hebu ona maajabu," nikageuzia simu dirishani.

Mama akasogeza uso karibu. "Naona mawingu. Kama Lushoto mwezi wa saba."

Nikatazama kioo cha simu: kijivu kitupu. Simu za siku hizi zina ujuaji. Zikikuta kila kitu kina rangi moja, zinadhani taa ndiyo mbovu, zinakurekebishia bila kuombwa. Nikishusha simu, papai. Nikiinua, Lushoto.

"Mwanangu," mama akasema kwa upole wa kutisha, "umejipima homa?"

Sasa mimi ni mpiga picha wa mandhari, tena natumia mkanda wa filamu mpaka leo, jambo ambalo ukoo mzima unanionea huruma. Siku hiyo nilijiona nimelipwa. Mkanda umeundwa kwa mwanga wa mchana na hauna akili ya kubishana: ukiletewa chungwa, unaandika chungwa. Nikamwambia mama asubiri ushahidi.

Nikabeba Mamiya RB67, kamera ambayo mwenye nayo hahitaji mazoezi mengine, hadi Ziwa Merritt. Mahali ambapo jua la kawaida lingetaka sehemu ya 400 ya sekunde, kipimamwanga kilidai sekunde nzima. Bata bukini nao hawajui kutulia sekunde nzima. Majivu yakatua kwenye lenzi. Nikapuliza kwa nguvu, nikakumbuka nimevaa barakoa. Pumzi yote ikapanda kwenye miwani. Nikafuta miwani, majivu yakarudi. Nikafuta lenzi, miwani ikaziba. Bata mmoja alisimama kunitazama, na huyo ndiye pekee aliyetulia sekunde nzima.

Maabara za karibu zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, basi mkanda ukaenda kusafishwa jimbo la mbali. Nikasubiri kama mwenye kesi ya uhakika. Picha zikaja kwa barua pepe.

Kijivu. Ziwa kijivu, bata kijivu, majani yana ukijani wa adabu. Chini fundi ameandika kwamba mkanda ulionekana umeharibika, umejaa rangi ya chungwa, ila nisijali: amenirekebishia zote, bure.

Nikampigia.

"Ndugu, ile chungwa ilikuwa ya kweli."

"Hata ya nyasi?"

"Hata ya nyasi."

"Na yule bata?"

"Na bata."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama niko salama. Mtu wa pili huyo.

Bahati nzuri alikosea kwenye skana tu. Mkanda wenyewe ulikuwa na kila kitu. Ulipofika kwa posta nikauskani mwenyewe, nikaizima kila huduma ya kurekebisha, na papai langu likatokea, pamoja na bata. Nikamtumia mama picha zote, za fundi na zangu, nikiwa na kiburi kisichofichika.

Akazipitia taratibu. "Hizi za chungwa umezipaka."

"Mama!"

"Hizi nyingine ndizo. Si nilikuona kwenye video kwa macho yangu? Mashine mbili zinasema kijivu, wewe peke yako unasema chungwa."

Ameshachapisha ya fundi, kubwa, iko sebuleni. Wageni wakiuliza, anawaambia ni Marekani wakati wa masika.