Mwenye faili asishike ufunguo wa kasho

Ukiuliza Lubumbashi mtu anahitaji sifa gani ili awe polisi wa kulinda kasho, yaani chumba cha mahabusu cha polisi, utajibiwa haraka: uraia wa Kongo, miaka 18 kwenda juu, afya ya mwili na akili, mwenendo mzuri, rekodi isiyo na hukumu, na diploma inayolingana na cheo anachokitafuta. Ni kweli, hayo ndiyo masharti ya kuingia polisi ya taifa, na sheria namba 13/013 ya tarehe 1 Juni 2013 ndiyo inayosimamia hadhi ya polisi. Lakini hayo yanamruhusu mtu kuvaa sare tu. Kukabidhiwa binadamu waliofungiwa ni kazi nyingine, na kwa maoni yangu sharti lake la kwanza ni hili: anayeshika ufunguo asiwe ndiye anayepeleleza kesi ya mtu aliye ndani.

Angalia jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu anakamatwa Katuba au Kenya, komini za hapa Lubumbashi, anapelekwa komisaria. Mwenye mamlaka ya kumweka garde à vue, yaani kumzuia polisi kwa muda kabla ya kesi, ni OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi. APJ, polisi wa upelelezi aliye chini yake, anasaidia tu, haamui. OPJ huyohuyo anamsikiliza mlalamikaji, anamhoji mshukiwa, anaandika PV (hati ya mahojiano), anasema huyu arudi ndani au atoke, na mara nyingi ndiye anayezungumza na familia mlangoni. Polisi anayekaa na ufunguo ni wa cheo cha chini, hathubutu kumwambia, "Chef, saa zake zimekwisha." Basi kasho inageuka chombo cha upelelezi. Aliyekataa kukiri analala ndani usiku mwingine, na aliyekubali kulipa deni anatoka jioni hiyohiyo.

Sheria yetu si dhaifu. Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinataka anayekamatwa aambiwe papo hapo sababu, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia au wakili wake. Garde à vue haipiti saa 48. Zikiisha, ama aachiliwe ama apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria yenye uwezo, yaani parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Kinachokosekana ni mtu wa kuzihesabu saa hizo ambaye hafaidiki na kesi.

Uingereza walilipata somo hili kwa uchungu. Mwaka 1972 vijana watatu walihukumiwa London katika kesi ya mauaji, kwa nguvu ya maungamo waliyoyatoa polisi bila mzazi wala wakili kando yao. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ikazifuta hukumu hizo. Tume ikaundwa, na mwaka 1984 ikatungwa sheria inayoitwa PACE, ambayo inatumika England na Wales. Kifungu chake cha 36 kinasema msimamizi wa mahabusu awe na cheo cha sajini au zaidi, na asifanye kazi hiyo kwa mtu ambaye yeye mwenyewe anashiriki kupeleleza kosa lake. Maana yake ni kwamba hupewi ufunguo ukiwa umetoka chuoni jana: kwanza umalize muda wa majaribio kama konstebo, ufaulu mtihani wa sheria wa sajini, kisha upate mafunzo ya kazi ya mahabusu yenyewe. Mpelelezi anapomleta mtu, msimamizi ndiye anayeamua kama kuna sababu ya kumzuia. Baada ya saa 6 inspekta asiyehusika na kesi anapitia upya uamuzi huo, kisha kila baada ya saa 9. Kikomo cha kawaida ni saa 24, nusu ya chetu.

Hatuhitaji kuiga kila kitu. Cheo, hata hivyo, kina maana kubwa kwetu. Mlinzi wa kasho awe angalau na cheo cha sous-commissaire, ili akimkatalia OPJ asionekane amekosa adabu.

Sifa ya pili ni kujua kuandika rejista, na hapa ndipo pengo kubwa lilipo. Rejista nzuri ina kurasa zenye namba na safu hizi: jina, umri, kosa, jina la OPJ, siku na saa ya kuingia, vitu alivyokuja navyo, hali ya mwili, nani wa familia ameitwa na saa ngapi, saa ya kutoka na anakokwenda. Huandikwa kwa wino, kabla mlango haujafungwa. Inaharibika kwa njia zinazojulikana: saa inaachwa wazi ili ijazwe baadaye, mtu aliyeletwa usiku anaandikwa asubuhi, "anatoka" kwenye karatasi na kuingizwa tena bila kuvuka kizingiti. Mwingine haandikwi kabisa, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu hata hakimu wa parke akija kukagua hatajua amtafute nani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Aliyeingia Ijumaa saa 11 jioni, saa zake 48 zinakwisha Jumapili saa 11 jioni. Katiba haikusema siku za kazi. Mlinzi mzuri hangoji dakika ya mwisho: saa ya 40, yaani Jumapili saa 3 asubuhi, anamwarifu OPJ kwa maandishi na kumtafuta hakimu wa zamu.

Safu ya hali ya mwili inamlinda mlinzi pia. Tangu sheria namba 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011, mateso ni kosa la jinai linalojitegemea. Kama mtu aliingia na jicho limevimba, iandikwe na asaini. Kama haikuandikwa, jicho hilo litahesabiwa limevimbia mikononi mwako.

Umri nao uulizwe mlangoni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 14 hawajibiki kijinai. Asiye na cheti cha kuzaliwa na anayeonekana mdogo ahesabiwe mtoto, na asichanganywe na watu wazima hata kwa saa moja.

Usiku una masharti yake. Mtu aliyelewa lutuku asilazwe chali. Akitapika, matapishi yanaziba njia ya hewa. Alazwe ubavu. Kila nusu saa aamshwe kweli, si kumulikwa tochi kutoka dirishani: mwite jina, mtikise bega, muulize yuko wapi, mwambie ainue mkono. Akishindwa, ni hospitali. Kichwa kilichogongwa, sukari iliyoshuka na malaria iliyopanda kichwani vyote hufanana na ulevi, na watu hufa kasho wakidhaniwa wamelala. Anayetumia dawa kila siku, wa sukari au wa kifafa, ajulikane tangu anapoingia.

Sasa pesa. Kuwekwa kasho hakulipiwi, kutoka hakulipiwi, na mama aliyeleta bukari na samaki hapaswi kuacha chochote mlangoni. OPJ anaweza kupendekeza amande, yaani faini, kwa makosa madogo, lakini inaingia hazina ya serikali, na stakabadhi hutolewa. Deni si kosa la jinai. Mkataba wa kimataifa ambao Kongo iliuridhia mwaka 1976 unakataza kumfunga mtu kwa kushindwa kutimiza mkataba. Ndiyo maana madeni huvalishwa jina la abus de confiance, kosa la kuvunja uaminifu. Mlinzi asiye na faili ana ujasiri wa kuuliza: kosa hapa ni lipi?

Mkuu wa komisaria anaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Achague sous-commissaire wanne wasiogusa upelelezi, awapange zamu tatu za saa 8 na mmoja wa kupumzisha wenzake. Ufunguo ukabidhiwe kwa kuhesabu watu kwa majina, si kwa kusema "wako sita". Awepo polisi mwanamke wa kupekua wanawake, na chumba chao kiwe peke yake. OPJ anayetaka kumtoa mtu ili amhoji asaini saa ya kumchukua na saa ya kumrudisha, mlinzi amtazame mtu huyo akirudi, na kabla hajasaini PV ya Kifaransa asomewe kwa Kiswahili neno kwa neno. Kila Jumatatu nakala ya kurasa za wiki ipelekwe parke, hata kama hakuna aliyeiomba.