Harakati "liberated" ndo harakati gani?

Mtoto wa dada yangu yuko chuo, juzi kanitumia ripoti yake wasapu, "Anko naomba uipitishie macho kabla sijaprinti". Inahusu FRELIMO, kile chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na mstari wa pili tu ukanishinda: "a liberated movement". Yaani chama kimeundwa Dar 1962, vita vimeanza 1964, Msumbiji imepata uhuru 1975, halafu dogo huku mwanzoni keshawakomboa tayari.

"Liberated" ni aliyekombolewa, kazi imeshaisha. Inafaa kwa yale maeneo ya Cabo Delgado na Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Mreno alishafurushwa na wapiganaji wakawa na shule zao na zahanati zao, hayo ndo "liberated zones". Nilipomrudishia akabadilisha ikawa "liberating movement", hapo angalau unaelewa anataka nini, ila wenye lugha yao wanaandika tu "liberation movement", nomino mbili zinafuatana basi. Shida yetu ni kwamba Kiswahili kina "ya ukombozi" inayobeba kila kitu, harakati za ukombozi, vita vya ukombozi, ile Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) iliyokaa Dar miaka yote ile, sasa tukihamia Kiingereza tunaona nomino haitoshi, mpaka tuibandike mkia wa -ed ndo tuonekane tumesoma. Ni ugonjwa uleule wa anayesema "I am boring" (mimi nachosha watu) akimaanisha kachoka na kikao, na hamna anayemsahihisha maana wengine wanaona kasema kweli.

Kuna pahala pia Samora Machel, kiongozi wao, kawa "a liberal leader", yaani mliberali. Jamani, yule Mmarxisti!

Ila iliyonimaliza ni ukurasa wa nne, "free fighters". Hao ni wapiganaji wa bure, ukinunua bunduki unapewa wawili nyongeza. "Freedom fighters" bwana, wapigania uhuru.

Dogo naye mbishi, akaniuliza sasa anko ile simu yangu niliyoweka bondi nikaikomboa mwezi uliopita, si ni "liberated phone"? Nikamwambia hiyo ni "redeemed", ukiandika "liberated" Mwingereza anajua umeiiba, maana askari wao tangu Vita Kuu ya Pili wakichukua mvinyo wa watu walikuwa wanasema wameukomboa.