Pershing II: Kombora la Vita au la Mezani?

Wanaolitetea kombora la nyuklia la Marekani, Pershing II, huanzia mwaka 1987, Rais Reagan wa Marekani na Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Sovieti, walipotia saini mkataba wa INF wa kufuta makombora ya masafa ya kati. Wanaolilaani huanzia 1983, lilipotua Ujerumani Magharibi. Mimi ningeanza na muundo wake, maana ugomvi wote umo humo.

Mtangulizi wake, Pershing 1a, alifika kilomita 740 hivi akiwa na kichwa cha nyuklia chenye nguvu ya tani 400,000 za baruti. Shabaha ilikuwa hafifu, ikafidiwa kwa ukubwa wa mlipuko. Wahandisi wa kampuni ya Martin Marietta walibakiza mtambo wa hatua mbili wenye mafuta yabisi, wakanyoosha masafa hadi kilomita 1,800 hivi, kisha wakafanya jambo jipya: waliweka rada puani. Kichwa kinaposhuka, rada husoma ardhi na kuilinganisha na ramani iliyohifadhiwa, na mapezi hukirekebisha mwendo. Kosa likabaki makumi ya mita tu, na mlipuko ukapunguzwa hadi tani 80,000 kwa kiwango cha juu.

Kwa watetezi, hapo kuna unafuu: uharibifu mdogo kwa raia. Tena Wasovieti walikuwa wameanza kupanga makombora yao ya nyuklia ya SS-20, kila moja na vichwa vitatu, tangu 1976. NATO ilipoamua Desemba 1979 kuleta Pershing II 108 huku ikialika mazungumzo, ilikuwa inatafuta kitu cha kubadilishana.

Lakini shabaha kali ndiyo hasa inayofaa kuvunja vituo vya amri. Marekani ilisisitiza kwamba kombora hilo haliwezi kufika Moscow, Wasovieti hawakusadiki. Kamanda wa Kisovieti aliyebakiwa na dakika chache kabla ya kombora kutua hana nafasi ya kuhakiki kama king'ora ni cha kweli, na hatari hiyo haipungui eti kwa kuwa kichwa ni kidogo. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwekwa kwake Novemba 22, 1983. Kesho yake Wasovieti walitoka kwenye mazungumzo ya Geneva.

(Madhara yake ya kwanza, kwa kweli, yaliwapata Wamarekani wenyewe: Januari 1985, karibu na mji wa Heilbronn, Ujerumani Magharibi, umeme tuli uliwasha injini ya kombora wakati wa baridi kavu. Askari watatu wa Marekani walikufa. Halikuwa na kichwa cha nyuklia.)

Kwangu hoja ya watetezi ina ukweli nusu. Kombora lilelile lililomfukuza mezani Andropov, kiongozi wa Sovieti wa 1983, lilimkuta Gorbachev akitaka kupunguza mzigo wa silaha. Lilikuwa na thamani ya kubadilishana, ila alihitajika mtu wa kuipokea biashara hiyo.

Kufikia 1991 makombora hayo yalikuwa yameharibiwa. Vichwa vya nyuklia mkataba haukuvigusa: vya Pershing II Marekani iliviunda upya, vikawa mabomu ya ndege ya aina ya B61.