Gigahatsi Arobaini na Moja

Ami alipiga hesabu nyuma ya risiti ya duka la vitambaa: viini 16 vya kompyuta, yaani sehemu zinazopiga kazi ndani ya prosesa, mara gigahatsi 2.6 za mwendo wa kila kimoja, jumla 41.6. Kuzidisha alizidisha sawasawa. Akamlipa muuzaji, akaita tuktuk, na kabla ya adhuhuri bati jeusi la kilo ishirini na kitu likawa limeteremshwa kwenye studio yake ya video za harusi huko Bondeni, Mombasa, vijana wawili wakilihemea na yeye akitangulia mbele kufukuza watoto njiani.

"Mwanangu, hii ina prosesa mbili," aliniambia nilipofika na bisibisi zangu. "Mbili! Ya binti yangu ina nini? I3."

Kilichonunuliwa ni sava ya reki, kompyuta ya kuhudumia ofisi nzima ikiwa imepangwa kabatini, iliyostaafishwa na ofisi fulani, yenye Xeon E5-2670 mbili. Intel waliitoa prosesa hiyo Machi 2012: viini 8, nyuzi 16 (mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja), gigahatsi 2.6 ikitembea na 3.3 ikipanda turbo, kashe (kumbukumbu ya haraka ya ndani) ya megabaiti 20, wati 115. Zidisha kwa mbili. Meza ya pili alikaa binti yake na kompyuta ya kuandikia risiti, yenye prosesa ya Core i3-12100 ya mwaka 2022: viini 4, nyuzi 8, gigahatsi 3.3 hadi 4.3, wati 60 za msingi. Kwa hesabu ya Ami hiyo ni 13.2, kwa hivyo hakukuwa na mechi.

Tukawasha. Feni zote sita zikaanza kwa nguvu zake zote, maana sava haziamini hali ya hewa mpaka ijipime yenyewe. Bibi wa ghorofani akachungulia dirishani. "Mwatia jenereta na stima ipo?"

Feni zikashuka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Hapo ndipo watu wengi huchomoa waya, na hawatakiwi. Sava hukagua ramu yote, kisha diski, kisha kadi za mtandao, moja moja bila haraka, kwa sababu iliundwa kuwashwa na kuachwa miezi. Ami alikuwa ameshaitoa simu kumtafuta muuzaji pale maandishi ya kwanza yalipotokea.

Shida ya pili ni picha. Xeon za ukoo huu hazina grafiki ndani. Kwenye mathabodi kuna kichipu kidogo cha kumwonyesha fundi maandishi kupitia VGA, tundu la skrini la kizamani, basi. Ukikitilia video, bibi harusi anaruka kutoka mlangoni hadi jukwaani bila kupita katikati. Tukatia kadi ndogo ya grafiki, ile inayotosheka na umeme wa sloti, kwa kuwa waya za pawa saplai ya sava si zile za kompyuta ya mezani na kadi kubwa ingekosa pa kuchomekwa. Kadi ikakubali. Feni zikapanda tena, na safari hii hazikushuka: sava haiwezi kusoma joto la kadi isiyoitambua, kwa hivyo inachukulia kwamba inaungua, na inapuliza.

Shida ya tatu hakuna aliyeifikiria. Ami alifungua video ya taarabu, mwimbaji akanyanyua mkono, akafumba macho, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Ami akagonga spika. Akagonga skrini. Nikamzungusha nyuma ya sava nikamwonyesha: hakuna tundu la sauti. Nani anasikiliza sava? Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti ya USB, na ikapatikana Mwembe Tayari.

Sasa mashindano. Video moja ya kupamba, programu moja ya kuhariri, zote zitoe H.264, mtindo wa kawaida wa kubana video. Binti akabonyeza, akaenda zake kununua viazi karai, akarudi akakuta yake tayari. Ya Ami iliadhiniwa alasiri ikiwa bado njiani.

"Kumi na tatu imeishindaje arobaini na moja?"

Sababu ya kwanza ni kwamba i3 ile ina Quick Sync, sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi ya kusimba na kusimbua video tu. Xeon lazima ikokotoe kila fremu kwa viini vyake, tena bila AVX2, amri ambazo Intel walizileta mwaka 2013 na programu za video huzipenda sana. Ya pili niliiona nilipofungua ukurasa wa prosesa ndani ya Windows: viini 8, soketi (kikalio cha prosesa) 1. Windows 10 Home inatambua soketi moja tu. Prosesa ya pili ilikuwa imekaa pale, imepakwa pesti yake vizuri, inapulizwa upepo, haijaguswa na kazi yoyote.

"Nimelipia mbili, yafanya moja?"

Tukahamia Windows 10 Pro, ya pili ikaamka. Tukazima Quick Sync kule kwa binti, tukarudia. Sava ikashinda, na Ami akasimama mlangoni kuwatangazia wapita njia.

Akaketi kuhariri, ikawa nzito vilevile. Kuburuta klipu, kufungua mradi, kubandika maandishi: hizo huendeshwa zaidi na uzi mmoja, na kwa uzi mmoja i3 ile ni takriban mara mbili ya E5-2670. Gigahatsi huhesabu mapigo, haihesabu kazi inayofanyika kwa kila pigo, na miaka kumi ya usanifu iko humo. Gene Amdahl alishaionyesha mipaka ya viini vingi mwaka 1967: kazi ikiwa na sehemu moja ya kumi isiyogawanyika, hata ukileta prosesa elfu hutafika mara kumi ya kasi. Nilimweleza Ami kwa biriani: wapishi 16 watamenya vitunguu upesi, lakini nyama haiivi haraka kwa sababu wako wengi jikoni.

"Basi toa ramu umtilie binti." Haiwezekani. Za sava ni DDR3 za ECC zenye rejista, yaani ramu za sava zinazojisahihisha makosa, ya binti inataka DDR4 za kawaida. Hata mkato wa chini haulingani, ukilazimisha utavunja sloti.

Sava ilipofaa ni kwenye foleni. Mchana wanahariri kwenye i3, usiku harusi nne zinapangwa kwenye sava zitoke pamoja, na hapo viini vyote vinakula. Stima nayo inaliwa: sava ikivuta wati 300 kwa saa kumi, hizo ni uniti 3, na Ami sasa anasoma mita kuliko gazeti. Sava tuliihamishia stoo ya nyuma, ambayo kwa bahati mbaya iko chini ya kitanda cha Bibi wa ghorofani. Alilalamika hadi kwa wazee wa msikiti. Kisha mjukuu wake akaolewa, video ikaingia foleni, na usiku stima ilipokatika alishuka na kanga yake kugonga mlango:

"Mbona yanyamaza? Iwasheni, mtoto hajafika kwenye keki!"