Kikokotoo Changu, Saini Yao

Jamani, mimi mtihani wa hesabu wa kidato cha nne nilifanya kwa four figure. Kikokotoo hakikuruhusiwa hata kukiota. Unapitisha kidole kwenye mistari midogo ya jedwali kutafuta logi ya namba, macho yanatoka machozi, ukikosea mstari mmoja daraja ulilotakiwa kukokotoa urefu wake linafika mbinguni. Tukafaulu waliofaulu.

Sasa niko Houston, kijana wangu yuko sekondari, na kwenye orodha ya vifaa aliyoleta, katikati ya madaftari na penseli, kumekaa kikokotoo cha grafu. Dola mia na zaidi! Sisemi kile kikokotoo cha mafao kilichowapandisha wastaafu presha kule nyumbani. Hiki ni cha mkononi, kina vitufe. Presha lakini ni ileile.

Nikalipa. Risiti nikaikunja nikaiweka kwenye pochi pamoja na leseni ya udereva, maana kitu cha bei hiyo kina haki ya kuwa na hati.

Jioni kijana ananiambia, "Baba, humu unaweza kuweka programu. Hata magemu." Nikafurahi, nikaona hela imeanza kurudi. Akaendelea, "Ila kuna nyingine zinakataa mpaka ziwe na saini."

"Saini ya nani? Mwenye kitu si mimi hapa?"

"Ya kiwanda, Baba."

Nilinyamaza kwanza. Yaani ninunue sufuria, niifikishe nyumbani, niweke mahindi na maharage, halafu sufuria igome kuchemka mpaka aliyeifua akague makande yangu! Na kama nataka kuyauza barabarani, nimlipe kwanza yeye ndipo moto ushike! Mama watoto akasema niache kelele, jirani wataita polisi.

Nikaanza kusoma habari zenyewe, na ningejua nisingesoma, kwa sababu usingizi ulipotea. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Texas Instruments (TI), watengenezaji wa vikokotoo, ambao makao yao ni Dallas, hapo juu tu kwenye barabara kuu. TI-83 Plus yao ilitoka mwaka 1999. Ubongo wake ni chipu ya Z80, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, inayokwenda kwa megahezi 6. Skrini ina nukta 96 kwa 64. Kumbukumbu unayoachiwa ya kuchezea ni kilobaiti 24 hivi. Picha moja ya kitchen party niliyotumiwa juzi kwenye WhatsApp haiingii humo hata ukiikata shangazi wote.

Na kifaa hicho kina mlinzi mlangoni! Vijiprogramu vya BASIC, lugha nyepesi ya kuandikia programu, vinapita bila kuulizwa. Lakini zile programu kubwa zinazokaa kwenye kumbukumbu ya kudumu, pamoja na mfumo endeshi wenyewe, lazima ziwe na saini ya kidijitali, yaani alama ya kificho inayothibitisha kwamba kiwanda kimeziruhusu. Kampuni ilitoa ufunguo wa pamoja wa kutia saini kwa wanaogawa bure kazi zao kwenye TI-83 Plus, na hapo niwape haki yao. Uliyetaka kuuza ulirudi kwao, na saini hiyo ilikuwa na malipo. Mtu kakesha akiandika programu ya kuwasaidia watoto na milinganyo, halafu aliyelala ndiye wa kulipwa kwanza.

Ngoja niwaambie kuhusu kufuli lenyewe, hapa ndipo nilipocheka peke yangu saa nane za usiku. Saini hiyo ilisimama juu ya namba moja ndefu, ya biti 512, kama tarakimu 155, iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili. Ukizijua hizo mbili, ufunguo ni wako. Mnakumbuka KDS na KKS za shule ya msingi, mwalimu amesimama na fimbo, "taja vigawo"? Ndiyo hiyohiyo, imeenda Ulaya ikarudi imevaa suti. Na mwaka huohuo wa 1999, wataalamu walikwishaionyesha dunia kwamba namba ya tarakimu 155 inapasulika.

Miaka kumi baadaye, 2009, mpenzi mmoja wa vikokotoo, Benjamin Moody, akaipasua ya TI-83 Plus kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Aliiacha ikisaga kwa zaidi ya miezi miwili. Umeme wangu mimi ungeisha siku ya pili. Wapenzi wengine wa vikokotoo wakaunganisha kompyuta zao, funguo za aina nyingine zikaanguka moja baada ya nyingine.

Kampuni ikatuma barua za kisheria kwa walioziweka namba hizo mtandaoni, ikishika ile sheria ya Marekani ya hakimiliki ya kidijitali ya mwaka 1998: ondoeni namba hizo! Namba, jamani. EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, wakasimama upande wa waliopewa barua, wakasema mtu kuweka mfumo wake mwenyewe kwenye kikokotoo chake mwenyewe si wizi. Ndivyo na risiti yangu inavyosema.

Nikubali, wasimamizi wa mitihani wana hoja. Mtoto akiweza kuingiza chochote, ataingiza daftari zima. Kenya wamemaliza kesi mapema: kikokotoo kisicho na programu, na kisitoe sauti. Mwaka 2020 TI waliziba programu za lugha ya mashine kwenye TI-84 Plus CE, na mwaka uliofuata NumWorks, watengenezaji wa vikokotoo wa Ufaransa, waliokuja mlango ukiwa wazi, nao wakafunga. Lakini kama shida ni mtihani, funga siku ya mtihani. Jumamosi sebuleni kwangu mnalinda nini?

Halafu nasikia SAT, mtihani wa kuombea chuo huku Marekani, siku hizi inafanywa kwenye kompyuta, na kikokotoo cha Desmos kimo ndani ya skrini, bure. Nikamuuliza kijana, "Basi hiki cha dola mia ni cha nini?"

"Mwalimu anakitaka darasani, Baba."

Aliyekipenda ni mama yake. Kamwandikisha kijana programu ya BASIC ya kikoba chao cha kina mama hapa mjini: mkopo, riba, faini ya kuchelewesha rejesho. Juzi wakaijaribu mezani wakati nakula. Jina la kwanza kutokea kwenye orodha ya wadaiwa sugu lilikuwa langu, nilikopa kupitia kwake na nikasahau kwa makusudi. Nikauliza kwa upole kama programu hiyo haipaswi kwanza kupelekwa Dallas ikasainiwe.

"Ya BASIC haihitaji saini," kijana akajibu, akabonyeza kitufe cha faini.