Theluji Ipo, Ila Leo Kuna Wingu

Hivi nani alianzisha hii kazi ya kuwatengenezea watoto kumbukumbu? Nauliza kwa sababu baba yangu hakuwa nayo. Mzee, Mungu amrehemu, Krismasi alikuwa na majukumu mawili: kutafuta kitambaa, na kufungia kreti ya soda chumbani kwake. Basi. Kitambaa kimoja, fundi mmoja, na wanaume wote wa nyumba ile tunaingia kanisani na shati moja, kuanzia kaka mkubwa mpaka mimi, langu likinifika magotini ili "akue nalo". Krismasi ya 1983, mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, kitambaa kilikosekana kabisa, tukashonewa pazia la sebuleni. Hakuna aliyelalamika. Dirisha ndilo lililobaki uchi.

Na soda ilikuwa moja kwa kila kichwa. Wenye akili hatukufungua kizibo. Unatoboa tundu kwa msumari, unanyonya kidogo kidogo tangu mnatoka kanisani mpaka kuku wanaingia bandani, jicho moja liko kwenye chupa ya mwenzako kuona yake imefika wapi. Leo nikisimulia hayo machozi yananilengalenga, na mzee hakupoteza hata dakika moja kupanga nifurahi!

Sasa njoo kwangu Kimara. Mama Kelvin vikao vya Krismasi anavifungua mwezi wa tisa. Kaona kwenye simu familia fulani ya Ulaya imekaa mbele ya moto, wote wamevaa pajama nyekundu za kufanana, mpaka mbwa. Akazifuata Kariakoo na akazipata, maana Kariakoo hukosi kitu. Zina manyoya ndani. Ndugu yangu, manyoya! Dar es Salaam, Desemba, mwanamume mzima nalala sakafuni kifua wazi kutafuta ubaridi wa marumaru, halafu naambiwa nijaribu pajama ya manyoya tuone kama inanikaa. Ilinikaa. Kutoka ndiyo ilikataa.

Hapo hapo Gloria, wa mwisho huyu, akauliza, "Baba, mbona Krismasi yetu haina theluji?"

Sisi hilo swali halikutufikia. Televisheni Tanzania Bara imeanza 1994, mimi nina ndevu tayari, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuniaminisha kwamba bila theluji Yesu hajazaliwa. Hawa wa kwangu wameamka na katuni, na theluji wanayoijua ni pamba ya duka la dawa tunayobandika kwenye mti wa plastiki. Lakini swali liliniuma. Niulizwe theluji mimi, mtu wa Machame, chini ya Mlima Kilimanjaro? Nikajibu kwa sauti ya mwenye mali, "Theluji? Hiyo ni ya kwetu. Mwaka huu mtaiona kwa macho yenu."

Mama Kelvin akasema, "Tena tutapiga picha na pajama." Bajeti ikafa hapo.

Huu utani kwamba Wachaga Desemba tunarudi kwetu Kilimanjaro kuhesabiwa mnaucheka, lakini nendeni stendi ya Magufuli pale Mbezi wiki ya sikukuu muone kuhesabiwa kunavyogharimu. LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini, wana nauli yao elekezi. Wakala wa tiketi akishaona umeshika watoto mikono miwili na mkeo kabeba mfuko wa shangazi kaja kichwani, naye ana ya kwake. "Hiyo ya kwenye karatasi imeisha, kaka. Imebaki hii." Eti nauli imeisha! Treni ya Moshi, iliyorudi 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, tiketi zilikwenda mapema. Nikalipa.

Kilomita mia tano na zaidi, kila kijiji kibao cha 50 na trafiki wa tochi kivulini. Nikasema hapa hapa ndipo kumbukumbu zinapotengenezwa. "Kelvin, tazama kulia, Milima ya Usambara hiyo!" Kelvin ananiuliza kama siti yangu ina sehemu ya kuchajia. Milima ya Pare ilipita akiwa amekoroma. Gloria alichangamka mara moja tu, dereva aliposimama karibu na mashamba ya mkonge watu wakachimbe dawa, mama yake akamshikia khanga. Tulipofika Machame usiku, bibi yake kamkumbatia, anamuuliza safari ilikuwaje, mtoto anapaza sauti, "Bibi, mimi nimekojoa porini!" Nauli yote ile.

Asubuhi nikawapanga uani, nyuso kaskazini. Wingu. Si wingu la kuzibaziba, wingu limeanzia kwenye migomba ya jirani likaenda hadi mbinguni. Mchana wingu. Jioni wingu likaongezewa manyunyu. Mama akasema mlima huwa unajitokeza alfajiri, saa kumi na mbili hivi, kisha unajifunika. Alfajiri ya pili nikatoka na tochi, nikakuta wingu limeniwahi. Ukiwa baba huwezi kukubali kushindwa na mvuke, kwa hiyo nikaanza kufundisha. "Pale juu, mita 5,895, ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge wa Uhuru, Desemba 1961!"

"Pale wapi?" Kelvin akauliza.

"Pale."

"Baba, unaonyesha parachichi."

Krismasi yenyewe tukaenda ibadani, nami nikajipa moyo kwamba kanisani hakuna wingu. Nilisahau mnada. Baada ya ibada waumini wanatoka nje, mzee wa kanisa anasimama juu ya benchi, na sadaka za mazao zinauzwa: mayai, maziwa, parachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee huyo akiona koti lenye harufu ya Dar es Salaam sauti yake inabadilika. "Naona wageni wetu wa mjini wapo! Bwana asifiwe!" Ukiangalia chini anakutaja kwa jina la babu yako.

Ukaja mkungu wa ndizi. Nikataja elfu kumi, ili nionekane. Upande wa akina mama mtu akasema kumi na tano. Nikasema ishirini. Sauti ile ile, ishirini na tano. Nani huyu anataka kuniaibisha kwetu? Nikapanda, akapanda, watu wanapiga vigelegele, mzee wa kanisa amevua koti. Nikaufunga kwa elfu arobaini na tano, nikanyoosha shingo kumtafuta adui yangu. Mama Kelvin, kasimama kwa vidole, naye ananitafuta mimi. Na mkungu wenyewe, nilipoushika, niliukumbuka kwa bega: ndio ule ule niliobebeshwa asubuhi kutoka kihambani, shamba la migomba la mama, kuja kuutoa sadaka. Mama alifurahi mno. Akasema urudisheni basi nyumbani, bado haujaiva.

Kesho yake mlima ukatoka. Nawaambia ukweli, alfajiri anga jeupe, Kibo yote iko pale, karibu mpaka inatisha. Nikawatoa watoto na mablanketi yao. Gloria akatazama muda mrefu, akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Ikabidi nieleze kwamba zamani ilishuka chini zaidi, kwamba tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imeyeyuka, hata mimi utotoni niliona kubwa kuliko hii. Kelvin akanigeukia. "Kwa hiyo nyie mliikuta, mkaimaliza?" Mimi nilitoboa kizibo cha soda tu kwa msumari, mwanangu, barafu sikuigusa!

"Msiondoke hapo!" Mama Kelvin akapiga kelele kutoka ndani. "Pajama!"

Tukavaa. Yangu zipu ikagoma. Ya Gloria ilikuwa ndani ya shangazi kaja, chini kabisa, chini ya unga. Mama mzazi naye akataka abadilishe kitenge. Tulipojipanga mstari, wekundu watupu, tumetoa meno, nyuma yetu ng'ombe wa jirani tu ndiye aliyekuwa anaonekana, na baada ya dakika naye akapotea.

Picha ikapigwa hivyo hivyo na kurushwa kwenye kundi la familia. Wa kwanza kujibu alikuwa shemeji wa Mwanza: "Hongereni sana. Naona ukuta mmeupaka rangi nyeupe."