Kilo Tano kwa Siku Saba Ni Maji, na Hayaondoki Peke Yake

Tangazo lile limerudi tena, safari hii na picha mbili za mizani: Jumatatu kilo 78, Jumatatu iliyofuata kilo 73. Dawa yenyewe ni chai ya kupunguza tumbo, na watu wamejipanga chini yake wakiuliza bei. Sina shaka na mizani ile. Inawezekana kabisa kilo 5 ziliondoka. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni neno lililoandikwa chini ya picha: "mafuta".

Tupige hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini imehifadhi takriban kalori 7,700. Kilo 5 ni kalori 38,500, yaani 5,500 kila siku kwa siku saba. Mtu mzima asiyefanya kazi nzito hutumia kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Kwa hiyo hata asingetia chochote kinywani wiki nzima, na nishati yote ikatoka kwenye mafuta, angepunguza kama kilo 2 tu. Zile nyingine zimetoka wapi?

Sehemu ni akiba ya wanga. Misuli na ini huhifadhi wanga huo kama glaikojeni, kwa kawaida gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na kama gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, sehemu kubwa ya akiba hiyo huliwa ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwenye mkojo. Hapo inaweza kukaribia kilo 2. Chumvi nayo ina hesabu yake: gramu 9 zinazobaki mwilini hushikilia karibu lita 1 ya maji, kwa hiyo ukiacha vyakula vya chumvi nyingi mizani hushuka bila mafuta kuguswa. Ongeza na utumbo uliobaki mtupu.

Hadi hapo hakuna madhara makubwa. Tatizo linaanza na kilichomo ndani ya pakiti. Nyingi ya chai hizi zina mmea wa sena, ambao ni dawa ya kuendesha, na nyingine zina vitu vya kuongeza mkojo. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Lakini kalori za chakula karibu zote hufyonzwa mapema zaidi, kwenye utumbo mwembamba. Mnywaji akikimbilia chooni mara nne, chakula kimeshaingia kwenye damu zamani. Anachokitoa ni maji na madini: sodiamu, ile ya kwenye chumvi, na potasiamu.

Potasiamu si ya kuchezewa. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli; kwenye damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Nafasi hiyo ni finyu, na ndiyo inayolinda mpangilio wa umeme wa moyo. Ikishuka, kwanza misuli hulegea, miguu hukaza, choo huwa kigumu (na mtu huongeza chai!), kisha moyo huanza kuruka mapigo. Magnesiamu, madini mengine, ikishuka pamoja nayo, mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu figo huendelea kuvujisha potasiamu hata unapoirudisha.

Na mwili haukai kimya. Ukishapoteza maji na chumvi, homoni iitwayo aldosteroni huziamuru figo zishikilie kila sodiamu inayopita, na gharama yake ni potasiamu zaidi kwenda na mkojo. Siku unayoacha chai, amri hiyo bado ipo. Maji yanajaa, vifundo vya miguu vinavimba, uso unatuna, mizani inapanda kilo 2 au 3 kwa siku chache. Mtu anaamini amenenepa, anarudi kununua pakiti nyingine. Hapa ndipo ninapokasirika: madhara ya bidhaa yanageuka kuwa sababu ya kuinunua tena.

Nakubali kwamba mizani kushuka haraka humpa mtu moyo wa kuendelea. Nakubali pia kwamba kuna wagonjwa wanaohitaji kutolewa maji, wenye moyo dhaifu kwa mfano. Lakini hao hupewa dawa kwa kipimo, damu yao hupimwa, na huambiwa watoe taarifa uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3. Kwao mizani inapima maji, na kila mtu chumbani anajua hivyo.

Anayetaka kupunguza mafuta apange nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Ajipime asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, kisha alinganishe wastani wa wiki na wastani wa wiki iliyotangulia, kwa sababu kupanda au kushuka kilo 1 kati ya leo na kesho ni kawaida, na kwa wanawake karibu na hedhi inaweza kuwa 2. Kiuno nacho kipimwe. Kikizidi nusu ya urefu wako, kuna kazi ya kufanya hata kama BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) iko chini ya 25. Maji ya kunywa usiyapunguze ili mizani ifurahishe. Mkojo wa njano hafifu unatosha kukuongoza.

Na wewe ambaye pakiti iko jikoni sasa hivi: iache, na utegemee uvimbe wa wiki moja hadi mbili. Usiutibu kwa dawa ya kukojoza, utaisha wenyewe. Lakini ukisikia moyo unaruka, miguu haina nguvu, au unaona kiza ukisimama, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Omba wapime potasiamu na magnesiamu. Na itaje ile chai, umeinywa kwa muda gani na vikombe vingapi, maana wengi huificha kwa aibu, na daktari hubaki anatafuta ugonjwa usiokuwepo.